Maisha ya Mji Mdogo: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuhamia Kakamega



Tunapotembelea vikundi hapa Khayega, kule Shinyalu na upande wa Ikolomani, kuna neno tunalolisikia mara kwa mara katika taarifa ya mweka hazina: "Fulani alihamia mjini, hajalipa." Mtu huyo hakufa wala hakugombana na yeyote. Ameenda tu Kakamega, kilomita kama kumi kutoka hapa Khayega, na kikundi kimebaki na mkopo usiorudi na zamu ya meri-go-raundi iliyokatika katikati. Waliobaki huanza kunung'unika. Wanasema huyo sasa anakula vizuri na ametudharau. Mara nyingi sivyo. Ukimtafuta unamkuta kwenye chumba kimoja, ana deni la kodi, na anaona haya kuja mkutanoni mikono mitupu.

Kwa hivyo leo tunataka kueleza maisha ya mji mdogo yalivyo, ili mwanakikundi anayefikiria kuhama afanye hesabu yake mapema, na kikundi nacho kijue la kufanya. Hatusemi watu wasihame. Wapo ambao kuhama kuliwaokoa, na tutafika hapo. Tunachosema ni kwamba mji mdogo una gharama zake na faida zake, na hizo si sawa na za Nairobi. Habari za Nairobi tunazisikia kila siku redioni. Habari za mji wa karibu hakuna anayetueleza, labda kwa sababu kila mtu anafikiri anaujua, kwani si hupita hapo akienda hospitali?

Kakamega ni mji wa aina gani?

Katika sensa ya 2019 mji wa Kakamega ulihesabiwa watu 107,227. Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073. Kwa sheria ya maeneo ya mijini na majiji ya mwaka wa 2011, kama ilivyorekebishwa 2019, mji unahitaji watu 250,000 ili uweze kuitwa jiji, na 50,000 ili uwe manispaa. Basi Kakamega ni manispaa, bado iko mbali na ujiji. Lakini angalia jambo lingine. Kaunti nzima ya Kakamega ilikuwa na watu 1,867,579. Hiyo ina maana kwamba kwa kila mtu mmoja wa mji huo, kuna kama kumi na sita walio nje yake, wengi wao kwenye mashamba. Mji wetu ni kama kisiwa kidogo katikati ya mahindi. Hata ukitembea mitaa ya pembeni utaona ng'ombe amefungwa kando ya ploti ya kukodisha, na miwa imesimama nyuma ya duka la simu.

Mji huu haukujengwa na viwanda. Ulijengwa na ofisi. Serikali ya kikoloni iliuweka makao makuu ya wilaya, na baada ya 1963 ukawa makao makuu ya Mkoa wa Magharibi. Serikali za kaunti zilipoanza 2013 ukawa makao ya kaunti. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, ambacho kilipata hati yake kamili mwaka wa 2007, kiliongeza maelfu ya vijana wanaotafuta vyumba na chakula. Basi pesa ya Kakamega hutoka sehemu mbili kubwa: mshahara wa mwisho wa mwezi, na mfuko wa mwanafunzi. Ukitaka kufanya biashara huko, jua hilo kwanza. Tarehe mbili mama mboga anacheka. Tarehe ishirini na mbili mboga hizo hizo zinanyauka mezani. Na chuo kikifungwa, kuna vibanda vya chapati na ndengu ambavyo haviwashi jiko kabisa.

Tuliona jambo hili wazi mwaka wa 2020. Mwezi wa Machi shule na vyuo vyote nchini vilifungwa kwa sababu ya Korona. Wanafunzi walikwenda kwao, wauzaji chakula wakakosa wateja, na wale waliokuwa wakilipa kodi kwa kibarua cha kila siku wakafunga virago. Walirudi nyumbani. Aliyekuwa na kipande cha shamba alipanda mahindi na kunde, akala. Aliyekuwa ameuza alirudi kuomba nafasi kwenye boma la kaka yake. Naomba mkumbuke jambo hili tutakapofika kwenye habari ya kuuza shamba.

Vitu ambavyo nyumbani huvihesabu

Hebu chukua daftari. Andika vitu ambavyo nyumbani unavipata bila kufungua mkoba: nyumba, maji, kuni, choo, mboga, na mahali pa mtoto kuchezea. Vyote hivyo mjini vina bei.

Tuanze na nyumba. Mtu wa kipato cha chini hupanga chumba kimoja katika ploti, yaani safu ya vyumba vinavyotazamana, choo kimoja na bafu moja kwa watu wote. Amalemba, Shirere, Kefinco, Lurambi, kila mtaa una bei yake, na karibu na chuo kikuu bei hupanda kwa sababu wanafunzi wanne wanaweza kuchanga kodi ambayo mama mwenye watoto wanne hawezi. Kabla ya kuingia utadaiwa kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na dipoziti. Wengi huja na pesa ya mwezi mmoja tu, wakakopa ya pili, na hapo shida inaanza kabla hata ya kufungua mlango.

Kuhusu kodi, kuna sheria ambayo wapangaji wengi hawaijui. Inaitwa Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba, Sura ya 296. Inawalinda wapangaji wa makao ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kwa makao hayo, mwenye nyumba hawezi kukutoa bila amri ya baraza linaloamua mizozo ya kodi, na hana ruhusa ya kung'oa mlango au mabati ili utoke mwenyewe. Ni kweli siku hizi vyumba vingi vimepita bei hiyo, lakini vile vya pembeni bado viko. Hata hivyo, bila risiti huwezi kuthibitisha lolote. Ukilipa kwa simu, weka ujumbe. Ukilipa mkononi, omba karatasi yenye sahihi, hata kama mwenye ploti ni mtu wa kwenu. Hasa kama ni mtu wa kwenu.

Maji ndiyo yanawashangaza watu wetu zaidi. Hapa kwetu tumezoea chemchemi. Wengi mnakumbuka mpango wa maji wa Kenya na Finland uliojulikana kama KEFINCO, ulioanza 1981, ambao ulijenga chemchemi na kuchimba visima katika sehemu nyingi za Mkoa wa Magharibi. Nyingine zinatumika mpaka leo pale ambapo kamati ya kijiji ilizitunza. Mtaa wa Kefinco kule mjini ulipata jina lake kutoka kwa mradi huo. Na bado mpangaji wa mtaa uliobeba jina la mradi wa maji anaweza kuamka asubuhi akatafuta mtungi wa kununua! Bomba likikauka siku tatu, ni mtungi. Tufanye mfano: mtungi wa lita 20 ukiwa shilingi 10, na nyumba ikitumia mitungi mitano kwa siku, hiyo ni shilingi 50 kwa siku, yaani 1,500 kwa mwezi. Hizo ni pesa za kitu ambacho nyumbani mtoto huleta kichwani akitoka shule. Wengine hukwepa gharama hiyo kwa kuteka kisima cha ploti, ambacho mara nyingi kiko hatua chache tu kutoka shimo la choo. Maji hayo yachemshwe. Homa ya matumbo itakugharimu zaidi ya makaa.

Halafu chakula. Mjini mtu hula kwa kupima: mafuta ya kupikia ya shilingi ishirini, robo ya sukari, unga wa siku. Kila ukinunua kidogo kidogo unalipa zaidi kwa kipimo kile kile. Fanyeni hesabu ya mahindi peke yake. Gunia la kilo 90 lina gorogoro kama 40. Familia ya watu watano ikimaliza gorogoro moja kwa siku mbili, inahitaji 15 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 180. Hayo ni magunia manne na nusu. Sasa mwenye nusu ekari iliyopandwa vizuri, ikapata mbolea na kupaliliwa mara mbili, anaweza kupata kiasi kama hicho msimu mmoja wa mvua ndefu. Kwa hivyo nusu ekari hiyo ndiyo unga wa mwaka. Mtu akisema "hicho kishamba hakina faida", mwulize gorogoro inauzwa pesa ngapi sokoni Khayega wiki hii, kisha azidishe kwa 180.

Na mboga? Mrenda, saga, kunde, miroo, majani ya maboga: nyumbani unachuma nyuma ya jikoni. Mjini fungu moja dogo ni pesa, na ukitaka ziive unahitaji makaa. Ndiyo maana ukisimama stendi ya matatu Jumapili jioni utaona wafanyakazi wanarudi mjini na mifuko: unga, viazi vitamu, ndizi, hata kuku amefungwa miguu. Wanaojua kuishi mji mdogo huishi hivyo. Mshahara wao hulipa kodi, stima na karo. Chakula kinatoka nyumbani.

Wageni

Jambo ambalo hakuna anayekueleza mapema ni wageni. Aliye Nairobi jamaa zake humpigia simu. Aliye Kakamega, jamaa hupiga hodi.

Fikiria. Hospitali kuu ya rufaa ya kaunti iko Kakamega. Ofisi za kaunti ziko Kakamega. Mahakama, chuo kikuu, mafundi wa kila aina, wote wako huko. Mtu wa kwenu akilazwa, mwenye kumlinda mgonjwa atalala wapi? Kwako. Binamu amekuja kutafuta kitambulisho, akaambiwa arudi kesho, atalala wapi? Kwako. Senje amekuja kliniki na miguu inamwuma, matatu zimeisha, ni wewe. Kijana amepata nafasi chuoni lakini hajapata chumba, basi "akae kwako wiki moja tu", na wiki hiyo ina siku sitini. Kile chumba kimoja, kilichogawanywa kwa pazia, kinakuwa nyumba ya wageni ya ukoo mzima, na kila mgeni anahitaji chai, sabuni na pesa ya nauli ya kurudi.

Hatulaumu desturi. Kupokea jamaa ni heshima, na siku yako itafika utahitaji kupokelewa. Lakini kijijini mgeni hula kilichopo shambani, mjini hula mshahara. Familia zinazoelewana vizuri tumeona zinafanya jambo moja rahisi: anayekwenda kulala kwa mtu wa mjini haendi mikono mitupu. Anabeba gorogoro ya unga na kifungu cha mboga, na nauli yake ya kurudi iko mfukoni. Wazee wanaweza kulisema hilo kwenye kikao cha ukoo, litasikika vizuri kuliko likisemwa na mwenye nyumba mwenyewe, maana yeye akisema ataitwa mchoyo.

Kisha kuna matanga. Aliye mbali husamehewa akikosa, lakini aliye Kakamega hana kisingizio. Anatarajiwa kwenye mkesha, anatarajiwa kwenye mazishi Jumamosi, na mchango wake unaandikwa kwa kalamu nyekundu kwa sababu "anafanya kazi mjini". Kibarua wa mjengo analipwa kwa siku. Akija matanga ya siku mbili amepoteza ujira wa siku mbili, halafu anachanga. Kamati za mazishi zikumbuke hilo zinapopanga viwango.

Lakini kuna faida

Sasa tuwe wa haki. Kama mji ungekuwa shida tupu, watu wangerudi.

Usiku mtoto akipata degedege, hospitali iko karibu. Stima ipo, mtoto anasoma jioni. Fundi cherehani, kinyozi, fundi wa simu, mwoshaji nguo, wote hupata wateja wanaolipa kwa pesa taslimu, ambapo kijijini wangelipwa kwa ahadi. Mtu mwenye ujuzi wa mikono na nidhamu anaweza kusimama katika mwaka mmoja au miwili.

Mji mdogo una faida moja kubwa kuliko mji mkubwa: watu wanajuana. Mama mboga anakujua, anakukopesha mpaka mwisho wa mwezi. Mwenye ploti anamjua mjomba wako. Ukiugua kuna mtu atapeleka habari nyumbani siku hiyo hiyo. Bila shaka kujuana huko kuna makali pande zote mbili. Mwanamume akionekana amekaa Muliro Gardens na mtu ambaye si mkewe, jioni habari imeshafika Khayega, tena imeongezwa chumvi njiani, labda pale Ilesi akina mama wanakouzia vyungu kando ya barabara! Mji mdogo hauna pa kujificha. Kwa wengi wetu hilo si jambo baya.

Na kuna wanaohitaji mji kwa sababu nzito. Katika kazi hii ya ustawi wa jamii tunakutana na wajane waliofukuzwa na shemeji zao, na wanawake wanaopigwa mpaka wanahofia maisha. Kwa mama kama huyo, chumba kimoja cha kukodi ambacho ufunguo wake anao yeye mwenyewe ni usalama. Asiambiwe "rudi uvumilie". Kikundi kinaweza kumsaidia kodi ya miezi miwili ya kwanza huku akitafuta kibarua, na kumsindikiza kwa chifu na polisi. Jambo hilo ni la haraka kuliko meri-go-raundi yoyote. Mjane naye ajue kwamba kuondoka kwenda kujisitiri mjini hakumwondolei haki yake katika shamba la marehemu mumewe. Kesi ya urithi inaweza kufunguliwa akiwa anaishi Kakamega.

Habari ya kuuza shamba

Hapa ndipo tunapoona machozi mengi, na nitakaa hapa kidogo.

Mpango huwa hivi. Mwanamume, au mara nyingine mtoto wake mkubwa, anasema: "Tuuze ile nusu ekari ya chini, tupate mtaji, tuhamie mjini tufungue duka." Kwa masikio linasikika vizuri. Lakini duka la mjini linalipa kodi ya chumba cha duka, kodi ya chumba cha kulala, leseni, stima, na linashindana na maduka mengine kumi yaliyojipanga mtaa huo huo yakiuza sabuni ile ile. Mwaka ukiisha mtaji umeliwa kama unga. Mji haukumwibia, aliula polepole. Na shamba sasa lina ua wa mtu mwingine.

Historia ya Kakamega yenyewe inatufundisha juu ya pesa kwa shamba. Dhahabu ilipopatikana hapa mwanzoni mwa miaka ya 1930, wazungu walimiminika kuchimba. Wakati huo kulikuwa na sheria ya 1930 iliyoahidi kwamba ardhi ya Waafrika ikichukuliwa, watapewa ardhi nyingine badala yake. Desemba 1932 serikali ya kikoloni iliibadilisha sheria hiyo kwa haraka, ili ardhi yenye dhahabu ichukuliwe na mwenyewe apewe pesa tu. Wazee wetu walilalamika sana, kwa sababu walijua pesa huisha na shamba halina mbadala. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa 1952. Dhahabu iliyotoka ilikwenda mbali, pesa za fidia zililiwa zamani. Katika miaka hii suala la kuwahamisha watu kwa ajili ya dhahabu limerudi tena upande wa Ikolomani. Kila familia itakayofikiwa ifanye ile hesabu ya gorogoro 180 kabla ya kutia sahihi popote.

Mke ajue kwamba ana sauti. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema katika ndoa ya mke mmoja, mali ya ndoa, pamoja na makao, haiwezi kuuzwa bila idhini ya wote wawili. Tena shamba la kilimo haliuzwi kwa makaratasi ya nyumbani tu. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, Sura ya 302, inataka idhini ya bodi ya ardhi, na maombi yapelekwe katika muda wa miezi sita tangu mapatano. Bila idhini hiyo mauzo ni bure. Mama ambaye hakuulizwa aende mbele ya bodi siku inapokaa aseme hivyo, akiwa na watoto na majirani. Bodi husikiliza.

Kama mtu anataka kujaribu mji, akodishe shamba kwa msimu mmoja, au amwachie ndugu walime nusu kwa nusu, kisha aende. Mji ukimkubali, vizuri. Usipomkubali, ana pa kurudi kabla ya kupalilia.

Je, ni lazima kuhama?

Swali hili watu hulisahau. Aliyepata kazi Nairobi hana hiari. Lakini Khayega iko kwenye barabara kuu ya Kisumu na Kakamega, matatu hupita mchana kutwa. Linganisha gharama mbili. Tuseme nauli ni shilingi 70 kwenda na 70 kurudi. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 3,640. Upande wa pili weka kodi, maji, makaa, na unga ambao ungekula nyumbani. Weka bei za kweli za wiki hii, na wageni usiwasahau. Kwa mtu mwenye familia, mara nyingi nauli inashinda. Kwa kijana asiye na mke, au kwa mwenye kazi ya kuanza saa kumi na moja alfajiri, au mlinzi wa usiku, chumba kinaweza kushinda. Wengine hupatanisha: wanalala mjini siku nne na kurudi Ijumaa. Hapo chunga jambo moja, kwa sababu nyumba yenye mafiga mawili hula mara mbili, na baba wa Ijumaa peke yake huwafahamu watoto wake kwa sauti ya simu. Mke anayeachwa na kazi yote ya shamba apate sehemu ya mshahara kwa tarehe inayojulikana. Asiombe kila wiki kama mkopaji.

Kikundi kifanye nini

Msingoje mtu ahame ndipo mjadiliane. Andikeni katika katiba yenu, ile mliyopeleka Ofisi ya Maendeleo ya Jamii, kwamba mwanachama anayehama aseme mkutanoni kabla ya kuondoka, na siku hiyo mkopo wake usomwe mbele ya wadhamini. Anaweza kulipia mchango kwa M-Pesa, lakini utumwe kwa nambari ya kikundi au ya mweka hazina aliyekubaliwa, na ujumbe usomwe mkutano unaofuata. Kwa vikundi vya kulima kwa zamu, aliye mjini alete mtu wa kumwakilisha au alipe kibarua wa siku hiyo. Bei ya kibarua ikubaliwe mapema, la sivyo mtagombana shambani na jembe mkononi. Anayekaa kimya miezi mitatu, watu wawili waende wamwone kwake kabla ya barua yoyote ya kudai. Mkifika mkakuta hali ni mbaya, mpunguzieni kiwango cha kila mwezi na muda urefushwe. Deni la polepole hurudi. La kufukuzana hupotea pamoja na mtu.

Halafu mtumieni. Mwanachama aliye Kakamega anajua hoteli gani inanunua kunde, wanafunzi wanafika lini, na bei ya viazi asubuhi ya leo. Vikundi vyetu vingi vinauza mboga kwa madalali wa barabarani kwa bei ya hasara, huku mwenzao anaishi hatua chache kutoka kwa mnunuzi. Mpeni kazi hiyo na asilimia ndogo, na atalipa mkopo wake kwa njia hiyo.

Mwisho, angalieni siku ya mkutano. Kikundi kinachokutana Jumatano saa nne asubuhi kimeshawafukuza wote wa mjini bila kujua. Jaribuni Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa nane mchana. Mshahara umetoka, na wengi wao wako nyumbani tayari, wamekuja kuchukua unga.